Vioo Kwanza, Miti Baadaye

Pawa saplai ya kompyuta, kile kisanduku kinachoilisha umeme, hupimwa kwa mkono kabla ya kupimwa kwa stima. Ukiinyanyua ukaihisi nyepesi kama mkate, iache hapo hapo, hata kama imebandikwa karatasi yenye namba za kutisha. Iliyo nzito ina shaba ndani, na shaba haijui kudanganya. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililijua baada ya kuunguza kadhaa katika chumba changu cha Majimbo, mjini Embu, nilipokuwa nikitengeneza simu, redio, na kompyuta za watu waliotaka kucheza gemu bila kuuza shamba.

Kazi ya kumtafutia mtu kompyuta ya gemu ya bei nafuu inachosha kwa namna yake. Mteja huja na picha kwenye simu: sanduku la kioo, taa za rangi zote, feni zimepangwa kama masufuria ya harusi. Halafu anakutajia pesa zinazotosha kununua zile taa tu. Kazi yako ni kumtoa ile picha kichwani polepole, bila kumvunja moyo, kisha umwonyeshe sanduku jeusi lililotoka katika ofisi fulani ng'ambo, limekwaruzwa, lina kibandiko kisichobanduka.

"Hii?" huuliza. "Si hii ni ya kuandika barua?"

Unamwambia ndiyo, ilikuwa ya kuandika barua, na ndiyo maana haijachoka. Halafu unaanza tena maelezo yale yale uliyompa mwingine jana.

Mimi nilikuwa nimechoka kuliko ile kompyuta. Kwetu ni Mbeere, kule chini kwenye joto, ambako mvua ni kitu cha kusimuliwa. Shule niliiacha kidato cha pili. Wengine husema ni karo, na karo ilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba miguu yangu haikujua kukaa chini ya dawati. Tangu hapo nimechuma kahawa ya watu, nimechimba mitaro ya maji, nimelinda duka la dawa za ng'ombe, nimekuwa tanboi, yaani utingo, wa pikapu ya miraa. Kila nilipofika nilifungua kitu nione kilichomo ndani: redio, pampu, saa ya ukutani ya mwenye nyumba. Vingine vilikubali kufungika tena.

Yule aliyenichukua kuwa tanboi alikuwa dereva wa Maua, Mwislamu, mtu ambaye babu yake alikuja Meru na malori ya mizigo na hakurudi alikotoka. Alipakia miraa Kangeta na kuishusha Nairobi. Miraa ikikauka haina bei, kwa hiyo pikapu zote huondoka karibu wakati mmoja, na anayefika mwanzo ndiye anayeuza kwa furaha. Mzee alinifundisha kwamba katika kazi hiyo adui hakai mbele.

"Mbele kuna barabara tu," aliniambia siku ya kwanza. "Nyuma ndiko kuna watu."

Kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla hata ya chai, ilikuwa kupangusa vioo vya pembeni kwa kitambaa kikavu. Akiona alama ya kidole, alinirudisha. Sikukaa naye sana. Sikukaa na mtu yeyote sana. Lakini kila nilipopita Maua nilifika kwake, na mkewe hakuwahi kuniacha niondoke bila kula.

Ni huyo mkewe aliyenipigia simu, wakati nikiwa Majimbo nimelala kitandani mchana, nikijiuliza kama nihame tena.

"Mwanangu, wewe bado unafunguafungua vitu?"

"Bado, Mama."

"Basi kuna kimoja nataka unisaidie kukifunga."

Akanieleza. Mzee alipigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukarudi, lakini mguu wa kulia haukurudi wote. Daktari alimkataza kuendesha. Yeye Mama akachukua ufunguo wa pikapu, akaufunga kwenye pindo la leso yake, na tangu hapo analala nao.

"Sasa kila siku baada ya swala ya alasiri anatoka uani, anapanda kwenye gari, anashika usukani," alisema. "Jana nikasikia chuma kinalia. Nikachungulia. Anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga, anaachia. Anafanya mazoezi, mwanangu. Mzee huyu atapata njia ya kuwasha hilo gari. Na unaijua barabara yetu, watoto wa shule wanatembea katikati kama ni ya baba yao."

Niliinuka nikaketi kitandani.

"Nasikia kuna gemu ya kuendesha malori," akasema.

"Iko, Mama."

"Inafanana na kweli?"

"Inategemea kompyuta."

"Basi nitafutie inayofanana na kweli, kwa pesa zisizofanana na pesa."

Nilikwenda kwa muuzaji wa kompyuta za mitumba za ofisi pale Embu. Alinionyesha kwanza zile nyembamba, zinazolala mezani kama kitabu cha nyimbo, kwa sababu ndizo alikuwa nazo nyingi. Watu wengi hununua hizo kwa kuwa ni za bei ya chini zaidi, halafu wakifika nyumbani wanagundua kwamba kadi ya picha, ile inayoichora gemu, haiingii, imezidi urefu, na sanduku halivutiki. Nilitaka ile pana inayosimama. Niliifungua pale pale kwa bisibisi yangu, muuzaji akinitazama kama mtu anayetazama jirani akimkagua mbuzi wake meno.

"Hapo ndani kuna nini unatafuta, bosi?"

"Nafasi," nikamwambia.

Ilikuwa nayo. Kompyuta za ofisi zina ugonjwa mmoja: pawa saplai zake hazina ule waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa ya picha, na plagi zake ni za ukoo wao peke yao, huwezi kubadilisha hivi hivi. Kwa hiyo nilitafuta kadi iliyotumika, ndogo, inayokula stima kutoka kwenye ubao mkuu bila waya wowote. Si kadi ya kujivunia. Ni kama punda. Lakini punda akibebeshwa mzigo wake hufika, na farasi uliyemkosea lishe hufia njiani.

Usukani niliupata Kanyakine. Kulikuwa na bwana aliyekuwa na chumba cha gemu karibu na stendi, vijana wakahamia kwenye simu zao, chumba kikafa, naye akakigeuza kuwa cha kulelea vifaranga. Nilimkuta amechuchumaa kati ya vifaranga, chini ya taa ya joto.

"Usukani uko hapo juu ya magunia ya chakula," akasema. "Angalia vizuri, kuku mmoja ameuzoea sana."

Kweli ulikuwa umezoewa. Niliufuta kwa majani ya mgomba.

"Unafanya kazi?"

"Ulikuwa unafanya. Haujaniambia umeacha."

"Na kanyagio?"

"Mbili. Ya tatu ilikuwa ya bei ya wenzangu wa Nairobi." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Unampelekea nani?"

Nilipomwambia ni mzee aliyekuwa dereva wa miraa, alisimama, akatafuta kitambaa safi, akaufuta usukani mara ya pili yeye mwenyewe.

Nilifika Maua mvua ikinyesha. Mzee alikuwa amekonda. Alinitazama nikipanga vitu juu ya meza yao ya kulia chakula, runinga yao kubwa ikiwa ndiyo skrini, na hakuuliza neno mpaka nilipoweka kanyagio sakafuni.

"Klachi iko wapi?"

"Haina, Mzee. Ni ya kanyagio mbili."

"Kama gari la mke wa mbunge."

"Nyamaza uendeshe," akasema mkewe kutoka mlango wa jikoni. "Wewe mwenyewe una mguu mmoja na nusu, unataka kanyagio tatu za nini?"

Akacheka. Mama alinitazama kwa jicho la mtu aliyesikia sauti aliyoipoteza.

Kanyagio ziliteleza kwenye saruji, nikakata kipande cha tairi kuukuu nikakiweka chini yake. Ndani ya gemu nilimchagulia Uingereza, kwa sababu wanapita kushoto kama sisi. Lori likatoka bohari, likaingia barabarani, na mikono yake ikakaa kwenye usukani vile vile ilivyokuwa ikikaa zamani, wa kushoto juu, wa kulia chini kidogo. Nilihisi kama kazi imekwisha.

Akasimamisha lori katikati ya barabara.

"Vioo viko wapi?"

Nilikuwa nimevizima. Yeyote anayejua kompyuta za bei nafuu angefanya hivyo, ni jambo la kwanza kabisa. Kila kioo cha pembeni ni barabara nyingine ambayo mashine inalazimika kuichora upya, na miti yake na magari yake, ukubwa mdogo lakini kazi ile ile. Mchezaji wa kawaida havitazami. Ukivizima, lori linakwenda laini kama limepakwa mafuta. Nilimweleza hivyo.

"Hakuna mtu anavitazama, Mzee."

"Hakuna nani?" Aligeuka kwenye kiti mzima mzima. "Wewe ulikuwa tanboi wa nani?"

Niliinamia kanyagio nikajifanya naziweka sawa.

"Unanipa gari lisilo na vioo unaniambia ni gari. Nitajuaje nani ananifuata?"

"Mzee, hiyo ni kompyuta. Hakuna anayekufuata."

"Basi siendeshi. Nitakwenda kukaa kwenye pikapu. Ile ina vioo."

Nikasikia kijiko kikianguka jikoni.

Niliwasha vioo, na ile mashine ikaanza kugugumia. Lori lilikwenda kwa kurukaruka, kama mtu anayekimbia na kiatu kimoja. Nilijua nitakaa Maua kuliko nilivyopanga. Mama alinitandikia godoro katika chumba cha mbele, na nikaanza kazi ambayo nimeifanya maisha yangu yote kwa vitu na kwa nafsi yangu: kuchagua cha kutupa.

Nilitupa vivuli kwanza. Vivuli vya gemu ni ghali na havina faida, ni kama dari ya urembo. Nikatupa mvua, maana ya Maua ilitutosha. Nikatupa majani, nyasi, ndege, mng'aro wa maji. Nikapunguza ukubwa wa picha kidogo, jambo ambalo mtu mwenye macho ya uzeeni halioni akiketi mbali. Mwishowe nikatupa miti. Nguvu ya kila nilichotupa niliipeleka kwenye vioo, mpaka vikawa safi, unaona gari likichomoza nyuma mbali kama punje ya mtama. Vioo vilikuwa vizuri kuliko dunia yenyewe. Uingereza nzima ikabaki udongo, lami, na nguzo.

"Hii nchi inafanana na kwenu Mbeere wakati wa kiangazi," Mzee akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Lakini sasa naona nyuma."

Aliendesha kila siku baada ya alasiri. Pikapu ilikaa uani peke yake, ikaanza kuokota majani ya mparachichi. Mama alianza kuimba jikoni. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiria kuondoka, kama kawaida yangu, ndipo Mzee alipotoa masharti yake. Alikuwa amegonga lango la kulipia barabara. Breki aliikanyaga, lakini lori lilisimama likiwa limeshapita.

"Mashine yako ina kiharusi kuliko mimi," akasema. "Itengeneze. Ikipona, nitatoka bohari hadi bohari bila kugusa kitu. Siku nitakayofanya hivyo, huyu mama atanipa ufunguo wangu."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Nilikuita umzuie," akasema. "Na wewe unamfundisha."

Ningeweza kuondoka siku hiyo. Begi langu ni jepesi, nimelizoesha. Lakini kuna uchovu wa kwenda na kuna uchovu wa kukaa, na siku hiyo ule wa kwenda ulikuwa mkubwa zaidi. Tena, na hili ni kweli, nilitaka kujua. Nilitaka kujua ni nini kilichokuwa kikichelewa.

Mashine ilikuwa na makosa, hakuisingizia. Nilipoifungua niligundua kwamba ram yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa kipande kimoja, na kipande kimoja ni kama kumpa mtu kazi ya kubeba meza peke yake. Vipande viwili vidogo hubeba vizuri kuliko kimoja kikubwa. Nikashuka Meru mjini nikapata mwenzake. Gundi ya kupitisha joto kati ya kichwa cha kompyuta na feni ilikuwa imekauka ikawa unga, nikaipangusa nikapaka mpya. Nikapuliza vumbi la ofisi, vumbi la watu nisiowajua, walioandika barua zao wakastaafu. Halafu nikafanya jambo ambalo vijana hulikataa: nikaifungia kasi. Badala ya kuiacha ikimbie kwa pupa halafu ikwame, nikaiambia ichore picha chache lakini kwa mwendo mmoja. Jicho husamehe kitu cha polepole. Kinachoruka halikisamehi.

Lori likatulia. Mzee akagonga lango tena.

"Bado," akasema.

"Nimeona, Mzee."

"Sikiliza." Akakanyaga breki lori likiwa linakwenda taratibu, akaachia, akakanyaga. "Unasikia? Breki inalia kabla sijaiona. Sauti inafika, picha iko nyuma. Gari la kweli halina tabia hiyo."

Nikasikiliza. Alikuwa sahihi. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo niliyoiunganisha moja kwa moja na kompyuta. Picha ilipitia runinga. Na runinga za siku hizi hazionyeshi kitu kama kilivyokuja. Hukipokea, hukaa nacho kidogo zikikipaka poda, ndipo zikuonyeshe. Kwa mtu anayetazama habari haidhuru. Kwa mtu mwenye mguu kwenye breki, kule kukaa kidogo ni urefu wa mtoto anayevuka barabara.

Mzee alipokwenda kuswali nilichukua rimoti nikatafuta ndani ya mipangilio, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikakuta sehemu ya gemu, inayozima mapambo yote. Nikaibonyeza. Rangi zikapauka. Nikaketi kwenye kiti chake, nikaendesha hadi kwenye lango, nikakanyaga breki, na lori likasimama pale pale nilipotaka, sauti na picha zimeshikana mikono.

Nikafurahi kama fundi. Furaha hiyo haikumaliza hata kikombe cha chai.

Maana aliporudi akaketi, akaenda kwenye lango lile lile, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake, nilitazama mguu badala ya skrini. Lango lilionekana mapema. Macho yake yaliliona, mikono ikalegea kwenye usukani, hata bega likajiandaa. Mguu ulikaa kwenye mafuta. Ulikaa kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini. Halafu ukanyanyuka, ukahama, ukakanyaga kwa nguvu. Lango lilikuwa limeshavunjika.

"Bado," akasema, lakini polepole.

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nilifikiri hivi: nikibonyeza mara moja tu, runinga itarudi kupaka poda, sauti itatangulia picha, na Mzee atakuwa na mtu wa kulaumu. Atagonga lango mwaka mzima, atanitukana mimi na ofisi za ng'ambo na kuku wa Kanyakine, na ufunguo utakaa kwenye leso. Ningeweza hata kumwambia Mama kwamba ndiyo dawa. Nilikuwa nimehangaika kutoa kila kilichochelewa katika ile mashine, na sasa nilikuwa nimembakiza yeye peke yake.

"Weka hiyo rimoti chini," akasema bila kugeuka. Alikuwa ameniona kwenye kioo cha kabati la vyombo, lililokuwa kando ya runinga. "Keti hapa."

"Mzee?"

"Keti. Endesha wewe."

Nikaketi. Nikaenda kwenye lango, sikupenda kwenda, nikapunguza mwendo nikitumaini nitachelewa kwa bahati. Mguu una adabu zake, haukunisikiliza. Lori likasimama. Yeye hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akitazama kiatu changu.

"Tena."

Likasimama tena.

Tukabadilishana viti. Safari hii alipofika aliinamisha kichwa akatazama mguu wake mwenyewe chini ya meza, akautazama wote, kama unavyomtazama mfanyakazi uliyemwamini miaka mingi. Akasikia lango likivunjika. Hakuinua kichwa upesi.

"Mashine ni nzima," akasema.

Nje mvua ilikuwa imekatika, na mtu alikuwa akipita barabarani akiita mbuzi kwa Kimeru.

"Mama wee," akaita. "Njoo hapa."

Alikuja akipangusa mikono. Nadhani alitazama uso wangu akafikiri Mzee amefaulu, kwa sababu mkono wake ulikwenda kwenye pindo la leso na kulishika.

"Kwanza mnisikilize," akaanza.

"Keti," Mzee akasema.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, ule wa kifuani, akatoa ufunguo, akauweka mezani kando ya usukani. Mama aliutazama. Akafungua leso, akatoa wake, akauweka kando ya ule. Zilikuwa zinafanana meno kwa meno.

"Huu umetoka wapi?"

"Wa akiba. Uko kwangu tangu tununue gari."

"Wakati wote huu?"

"Wakati wote."

"Na mimi nalala na fundo kiunoni kama nimefungwa hirizi!" Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Kwa nini hukuwasha?"

"Nilikuwa nangojea mguu," akasema. "Nilidhani unakuja."

Mama alifunika uso kwa leso. Mabega yalitikisika na sikujua kama ni kilio au kicheko, na sidhani yeye alijua. Mzee alisukuma funguo zote mbili upande wangu wa meza.

"Kuna yule mfungaji wa miraa kule Kangeta alikuwa akiulizia gari. Mpigie."

Mnunuzi alikuja na kijiti cha miraa mdomoni, akazunguka pikapu, akapiga teke tairi, akakosoa rangi, akasifu injini kwa bahati mbaya halafu akajaribu kurudisha maneno. Mzee alimwachia Mama kubishana naye, na Mama alibishana kama mtu anayedai fidia ya usingizi wake wote uliopotea. Walipokubaliana, niliombwa mimi niitoe pikapu uani, kwa kuwa lango lilikuwa jembamba.

"Pangusa vioo kwanza," Mzee akasema kutoka kibarazani.

Nilivipangusa kwa kitambaa kikavu. Alichechemea hadi kwenye gari akavikagua, kimoja, kisha cha pili. Hakunirudisha.

Nilikaa kwao siku chache zaidi kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Mzee hakuigusa kompyuta. Nilifikiri basi, itakuwa meza ya kuwekea magazeti, na nikaanza kuhesabu kichwani nani anaweza kuinunua. Mashine za bei nafuu zina maisha mengi. Halafu alasiri moja aliketi akaiwasha mwenyewe. Aliendesha taratibu mno, akianza kupunguza mwendo mbali sana kabla ya lango, kama mtu aliyebeba mayai. Lori likasimama. Kizuizi kikainuka. Akapita.

Magari mengine yalimpita kwa foleni, yote yanaonekana safi kwenye vioo, yakija, yakikua, yakimpita.

"Hivi vioo vinakula nguvu nyingi?" akaniuliza.

"Karibu yote, Mzee."

"Na ukivizima?"

"Vitaacha nafasi. Naweza kurudisha vitu vingine."

Aliendesha kidogo katika ile nchi yake ya udongo mtupu. Gari jingine likampita likipiga honi.

"Vizime," akasema. "Nirudishie miti."